Mke Mwenza Mwenye Masharubu

Mume wangu alimleta nyumbani siku ya mvua, amekunjwa ndani ya bomba la karatasi ngumu, akambandika ukutani hata koti hajavua. Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Nikaona mwanamume mwenye masharubu mazito yaliyopinda kwenda juu, macho ameyakodoa, bastola mbili na jambia kiunoni, na chini ya silaha zote hizo sketi nyeupe ya marinda inayoishia magotini.

"Nani huyu?" nikauliza.

"Huyu ndiye," akasema mume wangu, na uso wake ukachanua kwa namna ambayo mara ya mwisho niliiona siku alipokuja kwetu Unguja kuniposa.

Tulikuwa tunakaa Ladywood, ghorofa ya juu katika jumba ambalo lifti yake ilikuwa na siku zake za kufanya kazi na siku zake za kupumzika. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mume wangu alikuja Birmingham kusomea shahada ya uzamivu ya historia, mimi nikamfuata baada ya mwaka. Kila mtu alidhani ataandika habari za kwetu, za masultani na karafuu. Yeye akasema kwetu kumeshaandikwa na kila mgeni aliyepita, na sasa ni zamu yake kuwa mgeni wa watu wengine. Akamchagua Mgiriki mmoja wa karne ya kumi na tisa, askari aliyepigana na Waturuki na baadaye akaingia kwenye siasa. Hakuwa mkubwa sana wala mdogo sana, na nadhani hilo ndilo lililompendeza. Alikuwa mtu ambaye wengine hawakumgombania.

Mama yangu aliishi miaka mingi na mke mwenza, na aliwahi kuniambia kwamba mke mwenza humjui kwa sura, unamjua kwa zamu zinazopungua. Basi mimi nikaanza kuziona zikipungua. Nikipakua wali, mume wangu yuko mezani kwake, mgongo kanipa, kidole kiko kwenye mstari wa kitabu.

"Chakula kinapoa," nasema.

"Ngoja kidogo, nimefika pazuri."

Pazuri penyewe palikuwa pale Mgiriki alipopigwa risasi ya mkono, au pale alipolala na njaa milimani, au pale alipomtukana waziri mbele ya watu. Wali unapoa, mchuzi unaganda mafuta juu, na mimi naviangalia. Akija mezani anakuja naye. Ataniambia jinsi Mgiriki alivyofiwa na baba akiwa mdogo akachunga mbuzi za watu, jinsi alivyojifunza kusoma akiwa mtu mzima na masharubu yake, jinsi alivyoingia vitani kijana akatoka na mkono uliopinda usionyooka tena mpaka kufa. Anakula bila kujua anakula nini. Siku moja nilisahau chumvi makusudi, na hakusema kitu.

Roho iliniuma, sifichi. Wenzangu wanaonea wivu wanawake wenye nyonga na manukato. Mimi nilikuwa na wivu na maiti ya mwanamume aliyevaa sketi. Ningemwambia nani? Mwanamke wa kuonekana ungemvizia sokoni, ukamsuta mbele ya watu, mambo yakaisha. Huyu nimsute wapi?

Jambo la kwanza nililoshinda ni la ukuta. Alikuwa amebandikwa upande wa kibla, na mimi kila nikisimama kusali nainua macho nakutana na masharubu. Nikamwambia mume wangu kwamba siwezi kumsujudia Mgiriki. Akacheka, lakini akamhamishia ukuta wa mezani. Huko nako nikamfuata. Wanawake wa kwetu tuna njia yetu ya kusemezana na mtu tusiyetaka kusema naye, nayo ni kanga. Nikafungua sanduku, nikachambua kanga zangu zote kwa maandishi, nikachagua ile ya "Usisafirie nyota ya mwenzio," nikamfunika nayo gubigubi.

Mume wangu aliporudi kutoka maktaba akasimama kuisoma. "Hii umemwambia yeye au mimi?"

"Anayejijua ndiye aliyeambiwa."

Akaikunja vizuri, akaiweka kitini. Kesho yake alipotoka nikamfunika tena. Tukaishi hivyo, yeye anafunua mimi nafunika, wala hatugombani kwa maneno.

Siku moja niliuliza swali la uchokozi. "Huyu mtu wako hakuwa na mke?"

"Alikuwa naye."

"Alikuwaje?"

Mume wangu akafikiri. Mtu aliyejua Mgiriki alivaa viatu gani siku aliyoingia bungeni akafikiri kwa muda, kisha akasema habari zake hazipo. Ametajwa mahali pamoja, kwamba alikuwapo. Nilikwenda kuosha vyombo. Nilikuwa nimezoea kumchukia Mgiriki peke yake, lakini siku ile nilijikuta namfikiria yule mwanamke na sufuria yake, akimsubiri mtu mwenye mkono uliopinda aje ale. Naye alikuwapo, kama mimi.

Miaka ilikuwa inakwenda na sisi hatujapata mtoto. Mama alikuwa akipiga dua huko nyumbani, mimi nikipiga zangu huku, na mume wangu akisema Mungu hana haraka. Kisha nikashika mimba. Nilipomwambia alilia, akanishika mikono yote miwili, na siku ile nzima hakufungua kitabu. Nikaona kwamba mke mwenza amepatikana wa kumshinda.

Kwetu mwanamke akijifungua mtoto wa kwanza hurudi kwa mama yake. Siku arubaini hashiki kazi. Anakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, anafungwa tumbo kwa kanga, ananyweshwa uji wa pilipili manga, na watu wazima wa nyumba hiyo hawana kazi nyingine ila yeye. Mimi daktari alinikataza kupanda ndege, na mama hakupata viza. Tukakubaliana mume wangu ndiye atakuwa mama yangu. Mwenyewe alisema hivyo, kwa kinywa chake.

Mimba ikiwa kubwa, siwezi tena kuyaona makucha ya miguu yangu, akaja akakaa kitandani kwa adabu nyingi. Adabu ile nikaiogopa.

"Mke wangu, kuna jambo. Kule Athens wamefungua zile karatasi za bungeni, za wakati Mgiriki alipofungwa gerezani. Watu wanaruhusiwa kuingia kwa miezi hii tu, baadaye wanafunga kwa ukarabati. Nimeshabook tiketi."

"Lini?"

Akataja. Nilihesabu kichwani, nikapata kwamba atakuwa Ugiriki wiki nitakayojifungua na karibu arubaini yangu yote.

Nilivaa koti ambalo vifungo vyake havikufunga tena, nikashuka ghorofa moja kwa jirani yangu. Alikuwa nesi wa Kikenya, mcha Mungu wa kanisani, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika hadi kwenye lifti. Nilimweleza yote, na machozi yakinitoka nikamweleza na habari ya mke mwenza. Alinitazama.

"Weh! Ati unaonea wivu huyo mzee wa kwa picha? Si alikufa kitambo?"

"Alikufa kwake. Kwangu yuko hai."

"Sasa sikiliza, mama. Mimi nitakusaidia nikiwa off, lakini nina shifts. Na hii si kazi ya jirani. Mwambie acancel hiyo ticket. Akikataa, nitumie huyo bwana nimwonyeshe vile labour ward inakaa."

Nikapanda tena juu. Mume wangu alikuwa amekaa pale pale. Nilisimama mbele yake na tumbo langu, nikamwambia kwamba dini yetu imemruhusu mwanamume wake hata wanne lakini imemfunga kwa zamu, na asiyeweza kugawa sawa ameambiwa abaki na mmoja. "Huyo ameshakula zamu zangu tangu alipoingia nyumba hii. Arubaini hii ni yangu. Ukienda, usirudi hapa, kaa hukohuko kwa mwenye sketi."

"Unanilinganishia mtoto na karatasi?"

"Wewe ndiye uliyelinganisha. Mimi nasoma majibu tu."

Akainuka akaenda kusimama dirishani. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayeng'olewa jino: "Sendi."

Nilimshinda Mgiriki, na niseme kweli, nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya harusi yangu. Nilimfunika kwa kanga yake nikapiga na pini pembe nne.

Mtoto alizaliwa wa kiume, mzima, na sauti ya muadhini. Mume wangu alitimiza ahadi. Alinikanda mwenyewe katika bafu letu dogo lisiloweza kuingia watu wawili, miguu ya suruali ameikunja, miwani imejaa mvuke, na simu iko juu ya birika la choo imewekwa sauti kubwa ili mama aongoze kazi kutoka Unguja.

"Maji ya moto?" mama anauliza.

"Ya moto, mama."

"Anapiga kelele?"

"Kidogo."

"Basi bado hayajawa moto. Zidisha, mwanangu, usimwonee huruma."

Kadi ya simu inakatika katikati ya matusi yangu, mume wangu anakwangua nyingine kwa vidole vilivyolowa. Akapika uji wa pilipili manga ukawa gundi, nikaunywa. Akaenda Lozells kwa basi kunitafutia pweza kwenye maduka ya samaki, akarudi na ngisi, nikamla. Siku zile sikusikia neno moja la Mgiriki. Nilimwangalia mume wangu akipita na beseni nikasema moyoni, huyu ni wangu mzima mzima.

Ilipofika siku ya saba tukanyoa nywele za mtoto. Mume wangu akampakata, akasema amefikiria jina. Akalitaja, jina la nabii, yule mtoto aliyepewa baba yake uzeeni baada ya kuomba sana, na mama yake alikuwa tasa. "Na sisi tulingoja," akasema. "Tukaomba tukapewa."

Nililia pale pale. Kwenye simu mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikapasuka, akasema mume kama huyu hapatikani kwa kutafuta, anapatikana kwa radhi za wazazi. Nikaona Mungu amenilipa kwa kila sahani iliyopoa.

Baada ya muda kidogo, arubaini haijatoka bado, tukapata mgeni. Kule Kingstanding kulikuwa na mzee mmoja Mgiriki wa Saiprasi mwenye duka la chipsi. Mume wangu alikuwa akienda kwake Jumamosi kujizoeza Kigiriki, na kurudi ananuka siki na mafuta. Mzee alikuja na samaki wawili wabichi ndani ya mfuko, na sarafu ya fedha iliyofungwa utepe wa bluu, akataka kuibandika kwenye nguo ya mtoto kama wafanyavyo kwao. Akamchukua mwanangu kwa mikono mikubwa ya mtu aliyebeba viazi maisha yake yote. Nilimpenda yule mzee. Akauliza jina, nikamwambia kwa fahari.

Alilirudia jina kwa ulimi wake, akakunja uso, akauliza kwa Kiingereza kama ni yule aliyekuwa akiwabatiza watu mtoni. Nikamwambia ndiye, kwetu ni nabii. Mzee akapiga paja kwa furaha. Akasema basi na kwao jina hilo lipo, ni jina la kila nyumba ya pili, ila wao wanalitamka hivi. Akalitamka.

Lilikuwa jina la Mgiriki. Ndilo lile nililolisikia asubuhi na jioni kwa miaka mitatu, kwenye wali na kwenye chai, mpaka ningeweza kuliimba. Kama vile Ibrahimu anavyoitwa Abraham kwingine, nabii wetu na mtu wa ukutani walikuwa na jina moja, na mimi mwenye kujua majina ya mitume yote tangu chuo cha Kurani sikujua hilo. Wa kulijua alikuwa mmoja tu, na alikuwa anaangalia ndani ya buli kama kuna kitu kimeandikwa chini.

Mgeni nilimkirimu. Nilimkaangia samaki wake mwenyewe, nikamsindikiza mpaka mlangoni. Kisha nikarudi.

"Ulijua?"

"Ni jina la nabii."

"Sikukuuliza ni la nani. Nimekuuliza ulijua?"

Akavua miwani. "Nilijua. Lakini si kwa ajili hiyo tu. Yote mawili yalikuwamo."

"Umempa mwanangu somo asiyejulikana hata kaburi lake."

"Linajulikana," akasema. Mtu yule hakuwa na akili ya kunyamaza.

Kwetu mtoto akipewa jina la mtu, mtu huyo ndiye somo yake, na somo ni jamaa. Unamwekea kiti. Basi nimemfukuza Mgiriki mlangoni akaingia kwa tumbo langu. Mama nilipomwambia kwa simu aliuliza, "Huyo si aliyepigana na Waturuki?"

"Ndiye."

"Waislamu wenzetu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mbuzi wa akika ya jina ameshachinjwa, mwanangu. Mlee tu."

Nilimlea. Kwa hasira nilimpa jina la nyumbani la kunguru wa kwetu, maana alikuwa na sauti, lakini jina la nyumbani halitoki nje. Kliniki wanamwita lile lingine, chuoni wanamwita lile lingine, na mwenyewe akaanza kuitika hilo tu. Ikabidi na mimi nimwite. Nikiwa sokoni mjini namwita kwa sauti asikimbilie barabarani, nasikia namwita mke mwenzangu.

Na mume wangu je? Alimaliza. Alivaa joho na kofia, tukapiga picha, na kisha akatafuta kazi ya kufundisha mambo ya Ugiriki na hakuipata. Nani angemchukua Mzanzibari awasimulie watoto wa Kizungu habari za Wagiriki? Akaingia ofisi ya nyumba za kupanga, kazi ya tai na simu. Siku moja, ikiwa ni Jumapili ya kusafisha, akang'oa pini za kanga yangu, akamtoa Mgiriki ukutani, akamkunja mara mbili na kumtia katika mfuko mweusi pamoja na magazeti. Vitabu akavipeleka kwenye duka la misaada. Uso wake haukubadilika.

Ilinipasa nipige vigelegele. Badala yake niliogopa. Nilimwona mtu aliyempenda mwingine kiasi kile, kisha akamweka nje na taka kabla ya chakula cha mchana. Alipokwenda kuoga nilitoa ile picha mfukoni, nikainyoosha kwa pasi isiyo moto sana, nikaitia chini ya kanga zangu sandukuni. Sikujua naiweka ya nini. Labda wake wenza wakiachwa na mume mmoja hutunzana.

Mtoto alipoanza shule, mwalimu aliwaambia waulize nyumbani majina yao yametoka wapi. Akaja kwa baba yake jioni. Watoto waliozaliwa huku unawasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza.

"Dad, who am I named after?"

"Nabii," mume wangu akasema, macho kwenye simu ya kazini. "Mtu mwema sana."

"Is that it?"

"Ndiyo hiyo."

Mtoto akanigeukia mimi. Nilikuwa na mwiko mkononi. Ningeweza kunyamaza, na mwenye masharubu akafa mara ya pili, safari hii moja kwa moja. Nilikuwa nimeingojea siku hiyo miaka yote ile. Nikaweka mwiko chini, nikaenda sandukuni, nikamtoa, nikamtandaza juu ya zulia.

"Why is he wearing a skirt?"

"Kaa hapa nikwambie."

Nikamwambia. Mbuzi za watu, baba aliyekufa, herufi alizojifunza na masharubu yake. Risasi ya mkono. Mfalme aliyeletwa kutoka Ujerumani, na askari waliopigana wakaachwa na njaa, na yeye akaingia bungeni na mkono wake uliopinda akawatukana mawaziri mpaka wakamtia gerezani. Nilijua yote. Sikuwahi kusoma ukurasa hata mmoja, nilikuwa nimeyala na wali uliopoa. Mtoto alilala kifudifudi, kidevu juu ya jambia la karatasi, hapepesi. Kesho yake akataka tena, na keshokutwa. Tell me about my soldier, anasema.

Nilipofika gerezani nikamtia mkewe ndani ya hadithi. Nikamfanya aende na sufuria kila jioni, amefunikwa shela, askari wa mlangoni wanamzuia naye anawasuta mpaka wanampisha.

"Hilo la mkewe umelitoa wapi?" Ilikuwa sauti ya mume wangu. Alikuwa amekaa mezani, sahani iko mbele yake, simu ameiweka chini. Sijui alikuwa anasikiliza tangu lini. "Hilo halikuandikwa popote."

"Najua."

Akatutazama sisi watatu juu ya zulia, mimi, mwanangu na mwenye sketi. Uso ule naujua. Niliuvaa miaka mitatu.

"Njooni basi," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Chakula kinapoa."

"Kula tu," nikamwambia. "Sisi tumefika pazuri."